Nilistaafu ngumi, nikaendelea kuwadanganya wapima macho

Wakuu, salamu kutoka Burungu, Masisi. Haya yamenipata mimi mwenyewe, na sehemu za aibu sijaziondoa.

Nilipigana ngumi Goma miaka kumi na moja, kisha nikarudi kulima shamba la baba. Watu hudhani bondia mstaafu anasumbuliwa na mikono. Yangu iko sawa. Kilichoharibika ni jicho.

Niligundua msimu uliopita, wakati wa palizi. Upande wangu wa kulia mstari ulikuwa safi. Kushoto nilikuwa nimekata maharagwe pamoja na magugu.

Mke wangu alisimama akaangalia. "Papa Neema, hii maharagwe ilikukosea nini?"

Nikasema nimechoka tu. Hakuamini. Kesho yake akanipeleka kituo cha afya.

Muuguzi aliniambia nifunike jicho la kulia kwa kiganja, nihesabu vidole vyake.

Hapa nieleze kidogo. Kabla ya pambano tulipimwa hivyohivyo, na asiyeona vizuri hakupanda ulingoni. Kwa hiyo mabondia tulifundishana kuacha upenyo mdogo kati ya vidole na kuchungulia. Sikuwahi kufeli.

Basi mkono ukafanya ulichozoea.

"Vitatu," nikajibu. "Sasa viwili." Nilipatia vyote.

Mke wangu akaanza kucheka. "Muganga, tazama mukono yake. Huyu muzee anachungulia."

Muuguzi akaliziba jicho mwenyewe kwa kipande cha katoni. Sikuona kidole hata kimoja.

"Papa, hapa hakuna mupinzani," akasema. "Ulikuwa unashinda nani?"



Akanituma Goma kwa daktari wa macho. La kushoto limekwisha, kwa sababu ya ngumi za zamani. La kulia nalo presha ya ndani ya jicho imeanza kupanda, ila linaweza kuokolewa kwa dawa ya matone, asubuhi na jioni, maisha yote.

Sijaruka hata siku moja. Palizi nalima polepole, kichwa nimekigeuza kushoto. Jicho hili moja sikubali kulipoteza.

Nilichojifunza: uongo wa ulingoni nilipaswa kuuacha ulingoni. Pengine ningesema mapema, leo ningekuwa na mawili.

Mabondia wa zamani mliomo humu, mlipimwa macho lini mara ya mwisho? Andikeni ukweli. Wake zenu hawajui majina mnayotumia hapa.