Abiria Aliyesema Hapana

Vijana waliokuwa wakisubiri usaili walipomwona akiingia, walisimama wote wakamwamkia shikamoo, wakidhani ndiye bosi. Mama Mapokezi akaitikia marahaba, akavuta kiti cha mwisho kwenye safu, akakaa nao. Kijana mmoja mwenye tai ya kuazima akakohoa, wenzake wakajitia kushughulika na simu zao.

Jina hilo alilipata hotelini, alikofanya kazi ya mapokezi tangu usichana wake hadi hoteli ilipofunga milango. Kiinua mgongo kilimtosha, maana hakuwa na makuu. Kilichomleta kwenye ofisi hii ya shirika la ndege, kuomba kazi ya kupokea simu za abiria, ni ukimya. Mumewe alikwisha kutangulia mbele ya haki, binti yake wa pekee ameolewa mbali, na nyumbani aliyemsemesha kutwa nzima ni msoma habari wa redioni. Alikuwa mpweke, basi, wala hakuna haja ya kuzungukazunguka.

Msaili alikuwa mwanamke wa umri wa binti yake. Alimweleza kwamba yeye msaili atakwenda chumba cha pili, ajifanye abiria mwenye shida, apige simu.

"Nataka nione unavyomhudumia mwanzo mpaka mwisho, mama."

Simu ikalia. Abiria akaja juu: ameachwa na ndege, kaka yake anazikwa kesho, na ninyi hamna utu. Mama Mapokezi hakubabaika, huko hotelini alishatukanwa na watu wazito zaidi. Akampa pole, akamwacha atoe ya moyoni, kisha akamtafutia ndege ya alfajiri kwenye ratiba aliyowekewa mezani.

"Kuna kingine nikusaidie?"

"Hapana."

Mama Mapokezi akangoja. Hotelini walifundishwa kwamba mgeni ndiye anayekata simu, mhudumu haweki chini kabla yake. Upande wa pili nao kimya, msaili akingoja Mama Mapokezi ndiye akate. Wakabaki hivyo, kila mmoja akisikia pumzi za mwenzake, na Mama Mapokezi, Mungu amsamehe, akaona raha.

Mlango ukafunguliwa. "Mama, mbona hukati? Si nimesema hapana?"

"Umesema, mwanangu. Lakini mtu anayekwenda kuzika akisema hapana, mara nyingi bado ana neno."

Msaili alimtazama, akakaa ukingoni mwa meza.

"Unaongea vizuri kuliko wote niliowasikia leo. Ila hapa foleni ya simu haiishi. Mteja akisema hapana, tunakata. Sitaweza kukuchukua, mama. Nisamehe."

Alilisema kwa upole, na likauma vilevile.

Jioni binti yake akapiga. Nyuma ya sauti yake watoto walikuwa wakigombana.

"Usaili umekwendaje, mama?"

"Hawajanichukua. Wanataka watu wenye haraka."

"Pole. Achana nao, wewe pumzika tu. Hebu wewe mtoto, mwache mwenzio, nitakuja hapo sasa hivi. Kuna kingine, mama?"

Kilikuwepo. Alitaka kumwambia kwamba nyumba imekuwa kubwa mno, na kwamba leo alikaa akisikiliza pumzi za mtu asiyemjua, asitake ziishe. Kule mtoto mmoja akaanza kulia.

"Hapana, mwanangu."

Akabaki na simu sikioni, akingoja. Binti yake akakata.