Sabini Kulia, Arobaini Kushoto

Jina lake la kweli lilikuwa kwenye beji, lakini hakuna aliyelisoma. Kliniki nzima ilimwita Bi Sabini, na mgeni akilisikia jina hilo alitegemea kukuta kikongwe na mkongojo wake. Kumbe alikuwa na miaka hamsini na miwili, mikono ya mwashi, na mdomo ambao wakinamama walisema unaweza kukausha plasta bila jua.

Sabini ilikuwa hesabu ya kazi yake. Mtoto aliyezaliwa na mguu uliopinda hunyooshwa kwa plasta, wiki baada ya wiki, kisha huvalishwa viatu viwili vilivyofungwa kwenye fito ya chuma ili mguu usirudi ulikotoka. Kiatu cha mguu uliokuwa mbovu hugeuzwa nje nyuzi sabini, cha mguu mzima nyuzi arobaini. "Sabini na arobaini!" aliwapigia kelele wanafunzi, wauguzi, hata mlinzi wa getini ambaye hazikumhusu ndewe wala sikio.

Mguu aliujua nje ndani. Mifupa ishirini na sita kila upande, na mmoja aliuonea huruma kuliko yote: ule unaokaa juu ya kisigino na kuubeba muundi. "Huu hauna hata msuli mmoja unaoushika," aliwaambia wanafunzi. "Unasukumwa na majirani tu. Majirani wakipinda, yeye afanye nini?" Kwa mtoto mchanga mifupa hiyo bado laini. Weka kidole gumba pale, sukuma unyayo nje taratibu, na mguu unakuja. Samaki mkunje angali mbichi, ndivyo walivyosema wazee, na kwa hili hawakukosea.

Nyumbani kwao alikuwako samaki aliyekauka. Mdogo wake, kitinda mimba, alizaliwa na miguu yote miwili imekunjika ndani, na wakati huo hakuna aliyejua la kufanya. Alijifunza kutembea juu ya mgongo wa nyayo, pale wenzake wanapofungia kamba za viatu. Sasa alikuwa fundi redio, na sugu za miguu yake zilikuwa nene kama soli. Kila Jumapili Bi Sabini alimlowekea miguu kwenye beseni na kumsugua kwa jiwe, na kila Jumapili hasira ilimpanda upya, asijue amkasirikie nani. Basi akawakasirikia wakinamama.

Alhamisi moja alikuja binti mmoja mfua nguo, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu mgongoni. Mguu wa kulia wa mtoto, ambao ulikuwa umeshanyooka ukapendeza, ulikuwa umeanza kurudi. Kisigino kimepanda, unyayo unamtazama mwenzake. Bi Sabini aliubonyeza, damu ikamchemka.

"Umemvua viatu."

"Sijamvua, mama. Usiku kucha analala navyo. Hata mchana nikimlaza namvalisha."

"Mguu hausemi uongo! Mama mkwe wako amelalamika mjukuu anafungwa kama mbuzi, na wewe ukafungua. Nawajua nyie!"

"Mama mkwe alifariki kabla sijaolewa."

Benchi zima la wakinamama likacheka, na kicheko kile kikawa petroli motoni. Bi Sabini alimwita mvivu. Alimwita muuaji wa mguu. Alimwambia, sauti ikifika mpaka getini, kwamba huyu mtoto akija kutembea juu ya mgongo wa unyayo asisingizie Mungu, aambiwe ni mama yake. Kisha akavichukua vile viatu na fito yake. "Lete. Wapo wanaovihitaji."

Binti hakulia. Alimfunga mtoto mgongoni, akaenda, na mlangoni akageuka.

"Hapa sirudi. Na mguu wa mwanangu hamuugusi tena."

"Nenda!" alisema Bi Sabini, huku akijua vizuri kwamba mguu ule ukikaa miezi michache hivyo utakuwa mgumu, na plasta haitauweza.

Jumapili alimsimulia mdogo wake, akisugua kwa nguvu mpaka yule akavuta mguu.

"Viatu vyenyewe uliviangalia?" mdogo wake aliuliza.

"Niangalie viatu vya nini? Mguu nimeuona."

"Dada, mtu akiniletea redio iliyokufa, siulizi nani kaiangusha. Naifungua kwanza."

"Wewe nyamaza, maji yatapoa." Lakini neno lilishamwingia.

Jumatatu alivitoa viatu kabatini ampe mtoto mwingine, akavigeuza mkononi. Chapa ya kisigino kidogo ilikuwa imezama kwenye ngozi ya ndani. Tundu za mikanda zilikuwa zimepanuka. Mkanda mmoja ulikuwa umetaka kukatika, ukashonwa kwa uzi mweusi, mishono midogomidogo ya mtu mwenye subira. Asiyemvalisha mtoto viatu havishoni.

Akachukua kipimapembe. Kulia, arobaini. Kushoto, sabini.

Akapima tena. Akageuza fito, akapima mara ya tatu, kana kwamba chuma kingemwonea haya na kubadilika. Mguu mbovu ndio uliopewa pembe ya mguu mzima.

Ilikuwa kazi ya mkono wake. Miezi miwili nyuma mtoto alihitaji viatu vikubwa zaidi, na siku hiyo yeye alikuwa ametoka kugombana na mtunza stoo juu ya plasta zilizokwisha. Alikaza skrubu kwa hasira, viatu vikiwa vimemwelekea, kulia kwa mtoto kukiwa kushoto kwake. Na somo la kwanza alilompa kila mwanafunzi lilikuwa hilo hilo: kulia ni kwa mtoto, si kwako wewe!

Likaja lililo baya zaidi. Yule binti aliona. Aliuliza siku ileile, kwa adabu: "Mama, mbona safari hii mguu mzima ndio umegeuzwa sana?" Naye akamjibu bila kuinua kichwa, "Fundi hapa nani, mimi au wewe?"

Bisibisi iligonga ukuta. Mlinzi akachungulia. "Bi Sabini, nani kakuudhi tena?"

"Mimi!"

Simu ya binti haikupokelewa, mara nne. Faili lilisema anafua kwenye nyumba ya wageni nyuma ya soko, basi akaenda na koti lake la kazi, viatu mkononi. Alimkuta uani anakamua shuka. Mtoto alikuwa amesimama ameshika ukingo wa ndoo, amekanyaga kwa ubavu wa mguu.

"Nilikosea mimi," alisema Bi Sabini, hata salamu hakutoa. "Niligeuza nyuzi. Uliniambia, nikakunyamazisha. Mguu umerudi kwa sababu yangu."

Binti aliendelea kukamua mpaka shuka ikaisha maji.

"Miezi miwili mwanangu analia namwambia vumilia, wanajua wanachofanya. Miezi miwili nafunga mikanda kwa mikono yangu hii, namharibu."

"Ndiyo."

"Ukanitukana mbele za watu."

"Ndiyo."

"Sasa hayo uliyosema kayaseme mbele ya haohao. Hapa uani nani anakusikia? Mashuka?"

Alhamisi benchi lilijaa. Bi Sabini alisimama katikati ya ukumbi, akasema yote: nyuzi, skrubu, swali la binti na jibu lake la jeuri. Hakuna aliyecheka. Mkuu wa kliniki akatoa kichwa ofisini na kumkonyeza aingie ndani wayamalize kimya kimya.

"Funga mlango, sijamaliza," alimwambia. Akageukia benchi. "Nilimwita muuaji wa mguu. Muuaji nilikuwa mimi."

Binti aliinuka, akamkabidhi mtoto.

"Mguu nimekuletea," alisema. "Msamaha bado."

Bi Sabini hakuomba zaidi. Aliketi, akaweka kidole gumba juu ya ule mfupa usio na msuli, akasukuma. Ulikuja kwa shida, lakini ulikuja. Plasta ya kwanza ilifuatwa na ya pili, mpaka ya tano, na wiki zote hizo binti hakumwambia neno zaidi ya salamu. Hasira yake ilikuwa na haki, na Bi Sabini, aliyeijua hasira kuliko mtu yeyote pale, hakuthubutu kuiharakisha.

Plasta ya mwisho ilipokatwa, kisigino kilikuwa chini na unyayo ulitazama mbele. Bi Sabini alifunga viatu vipya kwenye fito, akakigeuza cha kulia, kulia kwa mtoto, akakaza skrubu. Kabla hajainuka, binti alinyoosha mkono akachukua kipimapembe mezani, akakilaza juu ya chuma mwenyewe, midomo ikihesabu.

"Sabini," alisema. "Lakini wewe sikuamini."

"Usiniamini," alisema Bi Sabini. "Pima tena."