Nilivyowafukuza wanunuzi wa gari la kizamani la Babu kwa chetezo cha ubani, hapa Muscat

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo marahaba.

Haya yamenikuta mwenyewe, sikuhadithiwa. Atakayesema hii ni chai aje Azaiba tunakokaa nimwonyeshe gari lenyewe.

Mimi ni binti wa Mpwapwa, nafanya kazi za ndani hapa Muscat. Mabosi wangu ni wazee wawili, Waomani wenye asili ya Zanzibar. Nawaita Babu na Bibi, wao wananiita mwanangu.

Sasa Babu ana gari. Sio la kwendea sokoni. Ni la Kimarekani, la miaka ya hamsini, convertible la kufunguka paa, rangi ya samawati, viti vyeupe, chrome kila kona. Alilikuta limebaki bodi na kutu, akalifufua kwa mikono yake miaka sita. Ni refu, yaani ukiliosha, mbele kumeshakauka kabla hujafika nyuma.

Bibi halitaki hata kulisikia.

"Uza gari hii," anamwambia kila asubuhi. "Ama gari, ama mie. Nnakwenda zangu Al Khoudh kwa mwanangu."

Basi Babu akakubali shingo upande, binti yao akapiga picha, akaweka tangazo mtandaoni. Simu zikaanza kuita, na Babu akaanza kukosa hamu ya kula.

Off-topic kidogo: msichana aliyenitangulia alivunja birika la kahawa la Bibi. Hakurudishwa Tanzania kwa kuvunja. Alirudishwa kwa kusema paka ndiye aliyevunja, na nyumba haina paka. Bibi husamehe yote ila uongo. Hilo liwekeni kichwani.

Mnunuzi wa kwanza akaja alasiri, mtu mzima, kanzu imenyooka. Akalizunguka gari, mashaallah nyingi. Wakaingia sebuleni, nikapeleka tende, halwa na kahawa. Akaanza kutaja bei.

Bibi alikuwa chumbani kwake, mimi jikoni nikaona niongeze heshima. Bibi akiwa na wageni huwapitishia chetezo, kile cha makaa chenye ubani unaofuka, nao hujifukiza nguo huku wanatabasamu. Nikawasha makaa, nikatia ubani wa kutosha, nikaingia nacho kifua mbele.

Mgeni akaiacha bei katikati ya sentensi. Akanitazama, akamtazama Babu. Akajifukiza ndevu harakaharaka, akashukuru, akaondoka. Kahawa yake ilikuwa haijaisha.

Nikajua nimekwisha. Babu akafunga mlango, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mwanangu, chetezo ndo kwaheri! Kikishapita, mgeni huaga. We umemfukuza mtu na kikombe kiko mkononi!"

Wakuu, miezi mitatu nimeona wageni wanafukizwa halafu wanaaga, na sikuwahi kuunganisha. Aibu niliyoisikia siwezi kuipima. Nikasema naenda kumwambia Bibi.

Babu akaacha kucheka.

"Usimwambie. Na akija mwengine, mie ntakohoa mara mbili."

Hapo ndipo nilipokosea. Lakini mngemwona uso wake, mzee kama amerudishiwa mtoto aliyepotea. Nikakubali.

Wa pili alikuja, Babu akakohoa, nikaingia, mgeni akaaga. Bibi akauliza mbona watu hawanunui. Babu akajibu soko gumu. Mimi nikawa nafuta meza niliyokwisha kuifuta. Tangu siku hiyo sikuwa na amani, kila nikimtazama Bibi namwona yule paka.

Wa tatu alikuwa mfanyabiashara wa Al Khuwair, pande la mtu, Kiswahili chake cha Unguja. Babu akakohoa mara mbili, nikaingia na moshi wangu. Jamaa akakitazama chetezo, akaegemea mto.

"Hata dakika kumi hazijafika! Kwani mnanfukuza?" Sauti ilijaa nyumba nzima. "Mie siondoki mpaka niuziwe gari hii!"

Narudi jikoni na chetezo changu, Bibi huyo, kasimama pembeni ya makaa.

"Hii mara ya ngapi?"

Ulimi ulitaka kusema ya kwanza. Nikaona birika, nikaona paka, nikaona uwanja wa ndege.

"Ya tatu, Bibi."

Nikamwaga yote, mpaka kikohozi. Machozi yananitoka, kichwani nishaanza kupanga nguo kwenye begi.

 Bibi akaenda dirishani, akalitazama gari pale kivulini.

"Miaka sita nnaitazama gari hii kutokea hapa. Hajanambia hata siku moja, njoo ukae. Ati ntachafua viti."

Kumbe! Wakuu, roho iliniuma. Mwanamke hakuwa anachukia gari, alikuwa anachukia kuachwa nje ya gari.

Akatoa ufunguo, akaenda chumbani kufungua sanduku lake, akarudi na kipande cha udi, ule wa Idi na harusi tu.

"Ubani mwepesi kwa mtu kama yule. Tia huu."

Akakibeba chetezo mwenyewe, mimi nyuma yake. Akamsalimia mgeni, akamsogezea.

"Karibu siku nyengine, mgeni wetu."

Mama mwenye nyumba kakuletea udi wake mwenyewe, utabisha nini? Jamaa akajifukiza, akaanza kutafuta viatu.

Alipotoka, Bibi akamgeukia Babu.

"Kesho alasiri utanitoa na gari hii, paa wazi. Mbele nnakaa mie."

"Na vumbi, je? Viti vyeupe vile..."

 Bibi akamsogezea chetezo yeye.

Babu akautazama ule moshi, akautazama mlango.

"Kesho alasiri, inshaallah," akasema.

Na kweli walitoka. Bibi mbele na miwani yake ya jua, mimi nyuma na chupa ya kahawa, naombea isimwagike.

Nilichojifunza: mila ya watu uliza kwanza ndipo uige. Na uongo wa bosi ukikubali kuubeba, unakuwa wako.

Tangazo bado lipo mtandaoni. Bibi kakataa lisifutwe, anasema linamtia Babu adabu. Mnaotaka kuliona karibuni, kahawa ipo, na wenye visa vyenu vya mila za mabosi vimwageni hapa chini tucheke wote.

Ila mkisikia mzee anakohoa, anzeni kutafuta viatu.