Benchi Lililozikwa Mudaka

Mashua iliyombeba babu yangu ilizama Ziwa Kivu kabla sijazaliwa. Miili mingine ilipatikana, wa kwake hapana. Mawimbi yalileta mbao za mashua tu, ufukoni kule Nyalukemba. Wazee wakaja kutoka Mudaka, kijijini kwetu, kumwambia bibi azike mgomba badala ya mumewe, kama desturi inavyotaka kwa aliyekosekana, ili roho yake isije ikaitafuta nyumba.

Bibi akakataa katakata. "Bwana yangu haiko mugomba."

Akaokota ubao mmoja, akampa seremala, ukawa benchi. Likawekwa kando ya mlango, na ole wako ulikalie. Nimekulia nyumba ambamo wageni waliketi mkekani huku benchi zima limekaa bure. Lilinikera mno.

Kiangazi hiki benchi likaanza kulowa. Asubuhi unakuta maji upande mmoja, upana wa makalio ya mtu, na harufu ya sambaza wabichi, wale dagaa wa ziwani. Nilikagua mabati: vumbi tupu. Niligombeza watoto, nikafukuza paka. Kesho yake maji yako palepale. Hapo niliogopa, sitaficha.

Bibi hakushangaa. Alipangusa kwa kitenge chake, na kadiri alivyopangusa ndivyo alivyozidi kukonda. Akaacha kula.

"Amechoka kuningojea," alisema, akitabasamu kama msichana aliyeposwa.

Mama yangu, binti yake, ndiye aliyekata shauri. "Baba atatubebea maman hivi hivi, tunaangalia tu?"

Bibi akiwa amelala hoi chumbani, tulilipeleka benchi Mudaka, tukalichimbia kaburi migombani. Lilikuwa zito kupita kiasi, wajomba walitokwa jasho. Udongo ulipolifunika nilisikia mtu akishusha pumzi. Nikageuka, nyuma yangu hapakuwa na mtu.

Jioni hiyo bibi aliomba bugali, akala. Siku chache baadaye alisimama mwenyewe, akafika mlangoni.

"Bwana yangu iko wapi?"

"Tulimuzika, maman," mama alijibu.

Bibi aliitazama sakafu tupu pale benchi lilipokuwa. Akarudi ndani, akatoka amejifunga kitambaa cheusi, ambacho hakuwahi kukivaa miaka yote ile.

"Basi leo ndiyo munanifanya mujane," alisema, akaketi mkekani, akaanza kulia.

Amepona, anakula kunishinda. Ila kila asubuhi ananituma nikapapase sakafu pale mlangoni, kama imelowa. Napapasa, na kila siku mkono wangu unarudi mkavu.