Hatukuulizana Ukoo

Nilianza karate nikiwa na miaka arobaini na minne, magoti tayari yanalalamika, na sitaki mtu aniambie nilikuwa nafuata ujana. Nilikuwa nafuata njia yangu ya kwenda nyumbani. Ni njia fupi tu, inateremka kutoka barabarani huko Kiogoro, katikati ya migomba na majani ya ng'ombe, hadi getini kwangu. Jioni moja kijana alinishika kifundo cha mkono hapo, akachukua mkoba kwa mkono wake wa pili, akaenda zake akitembea. Akitembea, hata hakuona haja ya kukimbia! Na mimi, ninayeuza mapazia mjini na sijawahi kushindwa na mteja kwa maneno, nilisimama kimya kama nguzo ya stima.

Tangu siku hiyo mume wangu akawa ananipokea barabarani kila jioni. Ni mtu mpole, hakuwahi kunung'unika, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Anaacha mambo yake, anasimama pale watu wa bodaboda wanaposhukisha abiria, tochi ya simu mkononi, ananisindikiza kama mtoto wa nasari. Akichelewa, najibanza kwa kibanda cha mama wa mboga nikijifanya nachagua nyanya. Nilitaka kitu kimoja tu maishani: nishuke kwenye pikipiki, niteremke ile njia peke yangu, nifike.

Darasa lilikuwa mjini, juu ya ghala la duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka ndiye aliyetufundisha. Ni Mhindi aliyezaliwa Kisii, na babake pia alizaliwa Kisii, na Ekegusii chake ni safi kuliko cha watoto wangu, ambao ukiwasalimia kwa lugha ya nyumbani wanakujibu kwa Sheng. Nilikuwa nimeenda kununua vyuma vya mapazia, nikaona nguo nyeupe za karate zimeanikwa kwenye ngazi, nikauliza. Akanitazama, akasema Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja jioni, na sketi niache nyumbani.

Wiki za kwanza zilikuwa aibu tupu. Wengine wote walikuwa vijana waliomaliza shule juzi. Wao wakiinua mguu unafika kifuani, mimi wangu unafika pale unapofika. Na tulipokuja kwenye zoezi lililonipeleka, lile la kujinasua ukishikwa mkono, hakuna aliyethubutu kunishika sawasawa. Walinishika kama kitabu cha nyimbo za kanisa. Nikivuta kidogo tu wanaachia, wanasema pole mama. Pole ya nini? Yule wa njiani aliniambia pole?

Ndipo mwalimu akaniletea mzee mmoja. Alikuwa daktari wa ng'ombe aliyestaafu, mkazi wa Keroka, na alikuja karate kwa sababu, alivyosema mwenyewe, kustaafu kulikuwa kunamuua kwa usingizi. Sote tulimwita Daktari. Mikono yake ilikuwa imeshika pembe za mafahali miaka yote hiyo, na aliponishika nilijua kweli nimeshikwa. Nilivuta, nikasukuma, nikakaribia kulia. Hakuachia ng'o. Akanieleza taratibu kwamba nisivute kwa bega, nigeuze kiuno, mkono upitie pale kidole gumba kinapokutana na vingine. Jumanne ikaja, Alhamisi ikaja, mimi bado nimeshikwa.

Sasa, huku kwetu watu hawanunui hata ndizi bila kuulizana. Wewe ni wa wapi? Umeolewa kwa nani? Ukoo gani? Kabla hujapewa chenji, anayekuuliza ameshagundua anamjua shangazi yako. Sisi wawili hatukuulizana ukoo. Mwalimu alikuwa na sheria kwamba habari za nje zibaki nje pamoja na viatu, na mimi niliipenda sana sheria hiyo, maana kule juu sikuwa mke wa mtu wala mama wa mtu. Nilikuwa mtu wa mkanda mweupe, basi. Nafikiri mzee naye aliipenda.

Alhamisi moja, mvua ikipiga mabati hata mwalimu hasikiki, Daktari alinishika, nikageuka, na mkono wangu ukawa wangu. Niliuangalia kwa mshangao. Tukarudia, nikatoka tena. Mara ya tatu nikaendelea vile tulivyofundishwa, nikamkamata mzee wa watu kola, nikamvuta mbele, yeye anacheka, mimi nacheka, na hapo nikasikia mtu mlangoni akisema kwa sauti ndogo, "Tata."

Alikuwa mume wangu. Mvua ilikuwa imemleta hadi mjini kunichukua, na hakuwa akiniangalia mimi. Tata kwetu ni baba. Babake mume wangu tulishamzika, lakini ndugu ya baba naye ni baba, na huyu alikuwa binamu wa yule marehemu, aliyefanya kazi kaskazini miaka mingi, akajenga Keroka badala ya kurudi kijijini kwao Nyamira, na siku ya harusi yetu alituma salamu tu. Kwa hiyo nilikuwa nimemshika baba mkwe wangu kola.

Asiyetoka kwetu atacheka, na acheke. Sisi tuna chinsoni, ile haya ya heshima iliyo kati ya mtu na wakwe zake, na baba mkwe hata mkono hampi mke wa mwanawe. Niliiachia ile kola kama sufuria ya moto. Mzee aliinama, akachukua viatu vyake, akashuka ngazi bila kuvivaa.

Nyumbani nilitamani mume wangu anigombeze ili nipate pa kumwagia hasira. Wapi! Alisema tu kwamba hakuna aliyekosa, ila jambo hilo haliwezi kuendelea, nami hilo nililijua bila kuambiwa. Kisha, ati kunifariji, akaongeza: "Na kuhusu kujinasua, usijisumbue sana. Mzee alikuachia tu. Wazee huwaachia watoto."

Haki, afadhali angenipiga ngumi. Alikuwa amesema kile kile nilichoanza kukiogopa. Kama mzee aliniachia, basi sikuwa nimejinasua kwa mtu yeyote, na siku nikishikwa tena njiani nitasimama tena kama nguzo. Aliyejua ukweli alikuwa mmoja tu, na yeye sasa singeweza kumuuliza. Unaanzaje kumuuliza baba mkwe habari za siku aliyokushika mkono?

Mama mkwe alipiga simu kutoka Nyamira kabla hata wiki haijaisha. Aliuliza kama ni kweli nimemkaba baba wa watu. Nikamwambia sikumkaba, nilimshika kola. Akasema hiyo haisaidii.

Nikaacha kwenda. Nilirudi kwenye nyanya zangu na kusindikizwa, na nilikuwa na hasira na kila mtu, hata wateja walioulizia rangi ya samawati. Mwishowe mwalimu alipita dukani kwangu. Alisema yeye si mgeni wa mambo yetu: mzee atafanya mazoezi upande wa dirisha, mimi upande wa ngazi, na atakayenishika ni yeye mwenyewe. Nikaenda. Akanishika, nikatoka, akasema vizuri. Sikumwamini. Mwalimu ana sababu zake za kumpa mwanafunzi moyo.

Tulipomaliza, Daktari alikaa kwenye benchi akifunga kamba za viatu. Akamwita mwalimu, akasema naye kwa Ekegusii, uso ukiwa umeelekea dirishani, kwa sauti ambayo hata aliye chini ghalani angeisikia. Mimi nilikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Mwalimu akaja kwangu, mikono nyuma, kama mshenga.

"Mzee anasema nikuambie hivi," akasema. "Ameshika ng'ombe maisha yake yote, na hajawahi kumwachia hata mmoja ili amfurahishe. Ulitoka mwenyewe."

Nikasema amwambie nimesikia. Mwalimu akageuka, akamwambia amesikia. Mzee akaitikia kwa kichwa, akiangalia dirisha. Baadaye ndipo nilipojua kwamba mume wangu alikuwa amefunga safari hadi Keroka kuomba radhi, na katika maongezi akataja yale aliyonifariji nayo, na mzee akamkemea vibaya mno.

Nilishuka ngazi, nikasimama nje ya duka, nikampigia mume wangu.

"Leo usije," nikamwambia.

Nilisikia redio nyuma yake. Nilijua anatafuta neno la kunizuia, na nilijua pia kwamba akilipata nitalikubali.

"Basi niweke maji ya ugali sasa?" akauliza.

Nikamwambia aweke.

Pikipiki ilinishukisha barabarani giza likianza kuingia. Mama wa mboga aliniita, nikampungia mkono, sikusimama. Njia ilikuwa na matope na nikaiteremka bila kukimbia, katikati kabisa, si pembeni. Pale nilipoibiwa, majani yalitikisika nikageuka mara moja, miguu imejipanga yenyewe, mikono iko juu. Alikuwa ndama wa jirani amekata kamba. Nikamwambia arudi kwao, na sauti ilitoka, tena kubwa, mpaka jirani akauliza kuna nini.

Nilipofungua mlango wa jikoni mume wangu alikuwa anasonga ugali. Alikuwa amevaa koti na buti za mvua zisizo na tope hata kidogo, tochi iko mfukoni, na jasho linamtiririka kwa joto la jiko.