Wimbo Mpya, Malizieni Nyie

Jumapili alasiri, kwenye ukumbi mmoja wa Temeke, rapa wa Tandale na bendi ya roki ya Kinondoni walikuwa wakizindua wimbo wao wa pamoja. Magitaa yalinguruma mpaka soda yangu ikatembea mezani. Rapa, aliyezoea kuchezesha mdomo juu ya sauti yake iliyorekodiwa, alichana mistari minne, pumzi ikakata.

"Braza, hapa ni laivu, endelea!" mpiga ngoma akamfokea.

Aibu hiyo! Jamaa akafanya wafanyavyo mastaa wetu wote: akatunyooshea maiki. "Temekeee! Malizieni!"

Tukaangaliana. Magitaa yakabaki yanazunguka palepale, yakimsubiri. Akamsogelea mama mmoja wa mstari wa mbele. "Shikamoo mama! Malizia basi!"

"Marahaba, mwanangu," mama akajibu, maiki ikausikilizisha ukumbi mzima. "Ningemalizia, ila si ndo mnautambulisha leo?"

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Lakini tusimwonee. Sie wenyewe ndo tuliomzoesha: tunalipa kiingilio mlangoni, halafu tunaingia ndani kumwimbia msanii.