Neno Alilolishika Mjalidi

Siku daktari aliposema kwamba saratani ya damu yake imetokana na hitilafu ya vinasaba, mjalidi wa vitabu alishika neno moja tu: nasaba. Basi mimi si wa baba, akajiambia. Akatoka pale akimtazama mama yake, aliyemngoja nje, kwa jicho la pembeni.

Nyumbani aliweka picha ya marehemu baba yake kando ya kioo, akawa analinganisha pua. Vidonge vyake vilikaa siku kumi na moja bila kuguswa. Aliapa hatameza kitu mpaka aambiwe yeye ni damu ya nani.

"Mama, sema kweli. Baba yangu nani?"

"Toba! Homa imekupanda kichwani?"

"Daktari kaona kwenye damu."

"Kaona nini? Kwani siku hiyo alikuwa uvunguni mwetu?"

Hakucheka. Mama alipolia, machozi nayo akayahesabu kuwa ushahidi. Shaka ina uvivu wake: haiulizi anayejua, inamsumbua aliye karibu.

Kesho yake mama alimkokota hadi maabara ya hospitali. Mpimaji akawaonyesha picha ya kromosomu, vijiuzi vifupi vilivyopangwa kwa namba.

"Fundi, tuseme hivi ni vitabu. Cha tisa kimekatika, cha ishirini na mbili kimekatika, na vipande vya mwisho vimebadilishana majalada. Penye mshono sentensi mbili zimeungana, zikawa amri mpya: seli, zaliana, usikome."

Mjalidi akainama kuitazama. Kazi mbovu ya namna hiyo aliijua.

"Nani kashona vibaya? Mama, au huyo mwanamume?"

"Mwanamume gani?" mpimaji akashangaa. "Ulizaliwa vitabu vikiwa sawa. Kosa limetokea ukubwani, ndani ya seli moja ya uboho, nayo ikajinakili. Hukurithi. Vidonge ndivyo vinavyoizima hiyo amri."

"Na baba?"

"Kipimo hiki hakina habari naye."

Mjalidi akabaki na mama yake tu wa kumwamini au kutomwamini.

"Mama, nisamehe."

"Meza kwanza." Akatoa vidonge mkobani. "Hasira zangu hazijaisha."

Akameza.

"Fungua kinywa nione."

"Mama, huniamini?"

"Inua na ulimi."